Siheyuan: Nyumba Iliyopanga Ukoo

Nyumba za jadi za Beijing, ziitwazo siheyuan, husifiwa zaidi kwa urembo: milango myekundu, vigae vya kijivu, mkomamanga uani. Sifa hizo ni za haki, lakini hazigusi kiini. Siheyuan ilikuwa kwanza kabisa daraja za ukoo zilizojengwa kwa matofali na mbao. Ukijua nani analala wapi, umekwisha kujua nani mkubwa, nani mdogo, nani wa ndani na nani wa nje.

Majengo manne huzunguka ua na kuupa mgongo uchochoro wa nje, yaani hutong. Lango huwekwa pembe ya kusini-mashariki, ambayo wajuzi wa fengshui huihesabu kuwa ya heri. Mgeni akivuka kizingiti hukabiliwa na ukuta wa kusitiri, mara nyingi wenye nakshi za maua au neno la baraka, naye hulazimika kukata kushoto ndipo aingie ua wa mbele. Katika jengo la kusini walipokewa wageni, na watumishi walikaa huko. Lango la pili, lenye vinguzo vinavyoning'inia vilivyochongwa mithili ya matumba ya maua, lilitenga nje na ndani: mwanamume asiye wa nyumba hakulipita ovyo, wala binti wa familia yenye hadhi hakulitoka ovyo. Humo ndani, wazee walikaa nyumba kuu ya kaskazini, mtoto wa kiume wa kwanza jengo la mashariki, na mdogo wake la magharibi.

Wapo wanaodai kwamba huu ni ujanja wa hali ya hewa tu. Kweli, baridi ya Beijing hutoka kaskazini, na nyumba inayotazama kusini hupata jua la majira ya baridi. Lakini hoja hiyo inaishia kwenye nyumba kuu. Jengo la mashariki hutazama magharibi, hivyo huchomwa na jua la alasiri wakati wa joto. Wabeijing wenyewe wana msemo unaomwonya mwenye fedha asikae vyumba vya mashariki wala vya kusini. Hata hivyo ndilo alilopewa kaka mkubwa, kwa kuwa mashariki ni mkono wa kushoto wa mzee anayetazama kusini, na kushoto ndiko kwenye heshima. Hapo cheo kiliishinda raha.

Wengine husema hizi zilikuwa nyumba za matajiri. Ni kweli kwamba zile zenye nyua tatu au nne zilihitaji mali nyingi, lakini mpango ule ule ulifuatwa hata penye ua mmoja. Tena sheria za enzi za Ming na Qing zilimzuia mtu wa kawaida kujenga nyumba kuu inayozidi nafasi tatu baina ya nguzo. Dola nayo ilipima hadhi ya mtu kwa nyumba yake, kama baba alivyowapima wanawe.

Ndiyo maana nyumba hizi zilianza kupoteza maana hata kabla ya kubomolewa. Baada ya 1949 nyingi ziligawiwa familia kadhaa, na tetemeko la Tangshan la 1976 liliwafanya watu wajenge vibanda uani, ambavyo vingi vilibaki. Ua wa ukoo mmoja ukawa njia ya majirani. Leo baadhi zimekarabatiwa zikawa hoteli na migahawa. Kuta zimepona, lakini daraja za ukoo hazimo.

Wala si hasara tupu, kwani daraja hizo ziliwabana mabinti na wadogo. Mradi wa msanifu Wu Liangyong katika mtaa wa Ju'er, uliojenga makazi ya ghorofa chache kuzunguka nyua za pamoja, umeonyesha kwamba ua unaweza kubaki bila ngazi za vyeo. Anayetaka kuihifadhi siheyuan na aanzie hapo: aokoe desturi ya watu kuishi wakitazamana, si rangi ya milango peke yake.