Mafuta Kidogo, Gari Zima

Magazeti ya Kenya hupenda kusema kwamba mradi fulani "umepigwa jeki", yaani umepata msaada. Sisi tuliokulia Uingereza tuliuzoea msemo huo kabla ya kuishika jeki yenyewe. Toleo hili tumeamua kuieleza jeki ya mafuta, pamoja na mashine ya presi ambayo ndiyo mama yake, kwa sababu mwenzetu anayesoma uhandisi aliulizwa na mjomba wake, fundi wa magari: "Hebu niambie, msomi, mafuta kidogo hivi yanainuaje gari zima?" Mjomba alitaka jibu la Kiswahili, si michoro.

Tuanze na neno. Ukisema "presha" nyumbani kwetu, watu watauliza kama bibi amekunywa dawa zake. Vitabu vya fizikia vina neno "kanieneo", nasi tunalipenda maana limebeba hesabu yake tumboni: kani ikigawanywa kwa eneo. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, kanieneo unayoiongeza hufika kila upande sawasawa, bila kupungua. Aliandika kuwa mtu mmoja anayesukuma pistoni ndogo angeweza kushindana na watu mia wanaosukuma pistoni yenye eneo kubwa mara mia.

Chukua pistoni mbili zilizounganishwa kwa bomba lililojaa mafuta. Ndogo ina eneo la sentimita 2 za mraba, kubwa 100. Weka uzito wa kilo 20 juu ya ile ndogo. Kila sentimita ya mraba inabeba kilo 10, na mafuta hayabagui: kila sentimita ya pistoni kubwa nayo inasukumwa kwa kiasi hicho hicho. Mara 100, unapata kilo 1,000. Gari dogo hilo.

Mjomba akacheka. "Na hizo kilo 980 zimetoka wapi? Za bure?"

Si za bure. Pistoni ndogo ikishuka sentimita 50, kubwa inapanda sentimita 1 tu. Unachopata kwenye nguvu unakilipa kwenye mwendo. Ndiyo maana mpini wa jeki unapigwa mara nyingi: pistoni ndogo ikishuka sentimita 5 kwa kila pigo, gari linapanda milimita 1, na vali inazuia mafuta yasirudi. Hewa ikiingia mambo huharibika, kwa kuwa hewa hubonyea. Unapiga mpini lakini nguvu zako zinaishia kuikandamiza hewa. Breki za gari zina tabia hiyo hiyo. Hapo mjomba alitutangulia, akatueleza sisi jinsi ya kutoa hewa kwenye breki.

Lakini kujua kanuni si kuunda mashine. Zaidi ya miaka 100 ilipita tangu kifo cha Pascal hadi Joseph Bramah, fundi wa London aliyesifika kwa kufuli zake, alipopata hataza ya presi ya maji mwaka 1795. Shida ilikuwa uvujaji. Ukiikaza sana pistoni, haisogei. Ukiilegeza, maji yanatoka. Sifa ya kuitatua hupewa Henry Maudslay, kijana wa karakana ya Bramah: pete ya ngozi yenye mfereji ndani. Maji yakisukuma, yanaingia kwenye mfereji na kuitanua ngozi ibane. Yakipungua, ngozi inalegea. Kanieneo ile ile inayotaka kuvuja ndiyo inayoziba! Kwetu sisi hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika habari hii. Maudslay baadaye aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaondoka mwaka 1797 kufungua karakana yake.

Presi za aina hiyo ndizo zilizoinua mabomba ya chuma ya daraja la Britannia, Wales, ambayo treni zilipita ndani yake. Kila bomba kubwa lilikuwa na uzito wa tani 1,500 hivi. Mhandisi Robert Stephenson hakuiamini presi peke yake. Aliagiza kwamba kila bomba linapopanda kidogo, nafasi ya chini yake ijazwe papo hapo. Mwezi Agosti 1849 silinda ya presi moja ilipasuka, na bomba likaanguka inchi chache tu, likatua juu ya vile vilivyopangwa chini yake. Silinda nyingine ikawekwa, kazi ikaendelea, na treni ya kwanza ikapita Machi 1850.

Tulipomsimulia mjomba hayo, hakushangaa hata kidogo. Alituonyesha stendi zake nne za chuma, akasema hajawahi kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na kwamba pete za siku hizi ni za mpira, nazo huchakaa vilevile.