Samaki msafishaji wa baharini: daktari anayekufa njaa ndani ya tangi

Wenye kufuga samaki wa baharini nyumbani humnunua kama dawa. Ni samaki mdogo, mwembamba, wa rangi ya buluu, mwenye mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani. Wanasayansi humuita Labroides dimidiatus. Anaishi kwenye matumbawe, toka pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, na ni mmoja kati ya samaki wanaovuliwa Kenya wakiwa hai na kuuzwa ng'ambo.

Baharini kazi yake ni usafi. Samaki wakubwa humfuata mahali pake, hutulia na kufungua mdomo, naye huingia hadi ndani kuwatoa vimelea. Mwaka 1996, mtafiti Alexandra Grutter alionyesha kwamba msafishaji mmoja hula vimelea karibu 1200 kwa siku.

Shida inaanzia hapo. Tangi la nyumbani lenye samaki watano au sita haliwezi kumpa chakula hicho. Wengi hukataa chakula cha dukani, hukonda na kufa baada ya majuma machache. Wengine, kwa sababu ya njaa, huwauma wenzao na kula ute wa ngozi yao.

Tena, hawezi kuponya ugonjwa wa madoa meupe, ambao wafugaji wanauogopa sana, kwani kijidudu chake hujificha chini ya ngozi ya samaki. Kinga bora ni kumweka kila samaki mgeni katika tangi la pembeni kwa majuma manne au zaidi, kabla ya kumchanganya na wengine.

Mwenye kuwa naye tayari anapaswa kumlisha mara nyingi kwa siku, kwa vipande vidogo vya kamba, na kufunika tangi, maana huruka nje. Maji yawe na chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na joto la nyuzi 25.

Bahari nayo inapata hasara. Kwenye kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji katika sehemu fulani za matumbawe kwa zaidi ya miaka 8. Samaki wengine wakapungua, kwa idadi na kwa aina.

Ni kusema, kila msafishaji anayefia tangini anaacha wagonjwa wake baharini bila daktari.