Bunduki Katika Njia ya Dhahabu

Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2014, majambazi walivamia kituo cha polisi cha Bukombe, mkoani Geita. Askari wawili waliuawa, wengine wakajeruhiwa, bunduki zikaporwa. Januari 2015 kikavamiwa kituo cha Ikwiriri, Rufiji. Julai ikawa zamu ya Stakishari, Dar es Salaam. Kote huko wavamizi walifuata silaha za askari.

Mwaka huohuo wa 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Mwananchi anayetaka bastola huanzia serikali ya mtaa au kijiji, akapita kamati za usalama hadi polisi. Ni utaratibu mzuri, lakini jambazi haombi kibali.

Wakazi wa ukanda wa Geita na Shinyanga wanajua bunduki zilikoingilia. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, silaha zilisambaa Usukumani na wizi wa ng'ombe ukawa wa kumwaga damu. Ndipo sungusungu, walinzi wa jadi, walipoibuka Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa pinde, mishale na mwano, ukelele wa kuamsha kijiji kizima. Miaka ya 1990, vita vya Burundi na Rwanda vikaleta wakimbizi, na bunduki za kivita zikapenya nyuma yao. Kwa miaka mingi mabasi yaliyokatiza mapori ya Biharamulo na Kimisi yalisindikizwa na polisi.

Kisha kuna gobore. Fundi wa kijijini hufunga bomba la chuma kwenye kitako cha mti. Mwindaji hushindilia baruti kupitia mdomoni, akaongeza gololi au vipande vya nondo. Silaha hiyo haina namba wala leseni, na ikitumika kuua, hakuna daftari la kuifuatilia.

Dhahabu nayo huvuta mtutu. Mzigo wa mawe ukishatoka duarani, yaani shimoni, ukasagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, utajiri wa familia nzima unaenea kiganjani, na malipo mara nyingi ni taslimu. Hapa Bunge lenyewe limewahi kuonyesha njia: Februari 2019 liliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwezi uliofuata soko la madini lilifunguliwa Geita, na mchimbaji akapata pa kuuzia penye ulinzi.

Kwa silaha pia inawezekana. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na mwaka 2022 Tanzania ilitoa msamaha wa Septemba na Oktoba. Msamaha huo uingizwe katika sheria, uje kila mwaka bila kusubiri tangazo la waziri, na mwenye gobore aweze kulikabidhi mbele ya mtendaji wa kijiji. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania ilitia saini, inataka silaha zitiwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe, zikiwemo za serikali. Ghala la kituo kidogo cha wilayani halipaswi kuachwa nyuma.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani yakifika mezani Dodoma, wabunge wa Geita na Shinyanga wadai hesabu ya bunduki zilizoporwa vituoni na zilizopatikana, na washike shilingi ya waziri hadi majibu yatoke.