BUNDUKI ZIMENYAMAZA, MASIKIO BADO YANALIA

Unadhani askari akirudi vitani na miguu yote miwili basi kapona? Thubutu! Kule Marekani, ulemavu unaoongoza kwa wastaafu wa jeshi wanaolipwa fidia ni mlio masikioni, nzziii usiku kucha, na kutosikia nako hakuko mbali.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyonasa sauti. Mshindo wa bomu huviua, na vikishakufa havioti tena. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi za wanajeshi waliodai vizibo vyake vya masikio havikuwakinga. Bilioni sita, msomaji wangu!

Wanaowahangaikia ni wataalamu wa usikivu, fani iliyokua na Vita Kuu ya Pili, pale Raymond Carhart alipowapima askari katika hospitali ya jeshi ya Deshon, Pennsylvania, na kuwachagulia vifaa vya kusikilizia.

Shughuli ni nyumbani. Mke anaona mume kaanza kiburi, kumbe masikini hasikii, na kusema anaona aibu. Mtaalamu anayejua kazi yake humwita na mke: zima redio kwanza, msogelee, mtazame usoni, ndipo umwambie chakula tayari.