Ray Kurzweil: Aliyeifundisha Mashine Kusoma kwa Sauti

Mwaka 1965 kijana wa miaka 17 kutoka Queens, New York, aliketi kwenye piano mbele ya kamera za televisheni ya CBS, katika kipindi cha I've Got a Secret, akapiga kipande kifupi cha muziki. Washiriki wa kipindi walitakiwa kubahatisha siri yake. Siri ilikuwa kwamba muziki ule haukutungwa na binadamu. Ulitungwa na kompyuta aliyoiunda mwenyewe: ilichambua tungo za watunzi mashuhuri, ikaona yanayojirudia ndani yake, kisha ikatoa wimbo mpya unaofanana nazo.

Kijana huyo ni Raymond Kurzweil, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1948. Muziki aliukuta nyumbani. Baba yake, Fredric, alikuwa mwanamuziki na kiongozi wa okestra. Mama yake, Hannah, mchoraji. Wote wawili Wayahudi wa Austria waliokimbia utawala wa Hitler. Ukizifuata kampuni alizoanzisha baadaye, na si chache, utakuta nyingi zimezaliwa na swali moja: je, mashine inaweza kuzitambua ruwaza, yaani mipangilio inayojirudia, kama akili ya mtu inavyozitambua? Alianza na noti za muziki. Zikafuata herufi, sauti za ala, na mwishowe maneno ya msemaji.

Biashara aliianza angali mwanafunzi wa chuo cha MIT, mwaka 1968, kwa programu ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kupata vyuo vinavyowafaa. Mchapishaji Harcourt, Brace & World aliinunua biashara hiyo kwa takriban dola 100,000. Kwa kijana wa miaka 20 wakati ule, huo ulikuwa utajiri.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1974, alipofungua Kurzweil Computer Products. Kompyuta za siku hizo ziliweza kusoma maandishi, lakini yale tu yaliyochapwa kwa aina moja au mbili za herufi zilizobuniwa kwa ajili yake. Zililinganisha herufi na umbo lililohifadhiwa. Umbo likibadilika kidogo, mashine ilikwama. Kurzweil na wenzake walipita njia nyingine. Walitaka kompyuta izijue sifa za herufi: kwamba A ina mistari miwili inayokutana juu na nafasi iliyofungwa katikati, iwe nene au nyembamba, iwe imenyooka au imelala. Programu yao ikaweza kusoma karibu aina yoyote ya chapa ya kawaida.

Alikuwa na dawa, ila hakuwa na mgonjwa: programu hiyo ingemfaa nani? Kurzweil amesimulia kwamba jibu alilipata ndani ya ndege, alipoketi jirani na mtu asiyeona. Abiria huyo alimwambia kwamba upofu haukumzuia katika mambo yake, isipokuwa jambo moja: hakuweza kusoma karatasi za kawaida zilizochapwa. Mtu anayeona akilitafakari hilo ndipo atakapoelewa uzito wake. Vitabu vya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, vilikuwa vichache. Barua ya benki, notisi ya mwenye nyumba na cheti cha daktari havikuja kwa nukta nundu kamwe. Kila kimoja kilihitaji jicho la mtu mwingine, na mtu huyo akajua yote yaliyomo.

Ili kumsomea mtu kama huyo, programu peke yake isingetosha. Ilihitajika skana ya kulaza karatasi juu ya kioo na kuigeuza kuwa picha ya kompyuta, na skana ya namna hiyo haikuwepo, wakaiunda. Ilihitajika pia sauti ya kuyatamka maandishi. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza hakina huruma hiyo, kwa hiyo mashine ilibidi ifundishwe kanuni nyingi za matamshi pamoja na rundo la maneno yasiyofuata kanuni yoyote. Hata ilipokamilika, sauti yake ilikuwa kavu na msikilizaji alihitaji muda kuizoea.

Jambo ambalo mwandishi huyu analithamini kuliko skana na sauti ni kwamba Kurzweil hakuwatengenezea wasioona kifaa kisha akawapelekea. Alishirikiana na Shirikisho la Taifa la Wasioona la Marekani, na wanachama wake wakaijaribu mashine na kusema vitufe vikae vipi, msomaji arudie mstari kwa namna gani, neno gumu litajwe herufi kwa herufi vipi. Wavumbuzi wengi huwafikia walengwa wao siku ya uzinduzi tu. Hapa walengwa walikuwa mafundi wenza.

Tarehe 13 Januari 1976 mashine ilionyeshwa kwa waandishi wa habari. Ilikuwa na ukubwa wa meza. Jioni hiyo Walter Cronkite, mtangazaji aliyeaminiwa kuliko wengi nchini Marekani, aliiachia mashine isome maneno yake ya kufunga taarifa ya habari. Mwanamuziki Stevie Wonder, asiyeona tangu utotoni, alisikia habari za mashine hiyo, akaenda kiwandani, akafundishwa kuitumia na kuondoka nayo. Urafiki wake na Kurzweil umedumu tangu siku hizo.

Soko la wasioona lilikuwa dogo na mashine iligharimu makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1978 kampuni ikaanza kuuza teknolojia ile ile ya kusoma chapa kwa wafanyabiashara. Miongoni mwa wateja wa mwanzo ilikuwa Lexis, iliyohitaji kuingiza hati za sheria na magazeti katika kompyuta zake. Mwaka 1980 Xerox ikainunua kampuni yote. Kampuni hiyo baadaye ilizaa ScanSoft, ambayo mwaka 2005 iliungana na Nuance na kuchukua jina hilo.

Mwaka 1982 Stevie Wonder alimlalamikia rafiki yake. Piano halisi ina sauti tamu, lakini sauti hiyo haikubali kubadilishwa. Kinanda cha umeme kinakubali kila kitu, lakini sauti yake ni nyembamba. Kwa nini msanii achague? Kurzweil Music Systems ikaanzishwa, na mwaka 1984 ikatoa Kurzweil 250, kinanda kilichohifadhi sauti halisi za ala katika kumbukumbu ya kompyuta na kuziiga hata namna zinavyobadilika kidole kikigonga kwa nguvu au kwa upole. Mwaka 1990 kampuni hiyo iliuzwa kwa Young Chang, watengenezaji wa piano wa Korea Kusini, na vinanda vyenye jina la Kurzweil bado vinauzwa.

Si kila kampuni iliisha vizuri. Kurzweil Applied Intelligence, iliyoanzishwa pia mwaka 1982, ilitengeneza programu za kutambua maneno yaliyosemwa, na madaktari wakazitumia kuandika ripoti za wagonjwa kwa kuzungumza. Mwaka 1993 iliuza hisa kwa umma. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba baadhi ya wakuu wake waliandika mauzo ambayo hayakuwepo: bidhaa zilihesabiwa kuwa zimeuzwa huku zikiwa zimelala ghalani. Wawili walitiwa hatiani mwaka 1996. Kurzweil mwenyewe hakushtakiwa, lakini kampuni ilibeba jina lake, na mwaka 1997 ikauzwa kwa Lernout & Hauspie ya Ubelgiji. Kadhia hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayewahesabu waanzilishi kwa idadi ya kampuni zao: fundi mkuu anaweza kuwa mwaminifu, na daftari la mauzo likawa na uongo.

Kwa wasioona alirudi tena. Mwaka 2006, yeye na lile Shirikisho walitoa kifaa cha mkononi kilichopiga picha ya karatasi na kuisoma kwa sauti. Mwaka 2008 programu hiyo ikaingia ndani ya simu ya Nokia N82, na mwaka 2014 ndani ya iPhone. Safari hiyo ya kutoka meza hadi simu inaendana na analohimiza Kurzweil, kwamba uvumbuzi mwingi hushindwa kwa sababu ya wakati, si kwa sababu ya ubovu: mvumbuzi aichore mashine kwa ajili ya kompyuta zitakazokuwepo siku atakapomaliza kazi, si za siku anayoanza.

Kutokana na mazoea hayo ya kupiga hesabu za wakati, akawa mtabiri. Katika vitabu kama The Singularity Is Near cha mwaka 2005, anadai kwamba akili mnemba itafikia kiwango cha binadamu mwaka 2029, na kwamba mwaka 2045 binadamu na mashine watakuwa wamechanganyika kiasi cha kubadilisha historia. Baadhi ya utabiri wake ulitimia: alisema kompyuta ingemshinda bingwa wa sataranji kabla ya karne kwisha, na kompyuta ya Deep Blue ikamshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997. Mwingine ulipotea njia: alitarajia kwamba kufikia mwaka 2009 maandishi mengi yangeandikwa kwa kuzungumza, na hadi leo vidole ndivyo vinavyoandika. Google ilimwajiri Desemba 2012 kuwa mkurugenzi wa uhandisi, akiongoza kazi ya kuifanya kompyuta ielewe lugha.

Wapinzani wake ni wengi, na baadhi yao ni wanasayansi wanaosema anaurahisisha ubongo. Hoja yao ni nzito. Kutambua herufi A na kuelewa barua ya mtu aliyefiwa ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na grafu ya kasi ya kompyuta, anayoitegemea Kurzweil, haionyeshi njia inayoyaunganisha. Mwaka 2002 Mitch Kapor, mwanzilishi wa kampuni ya programu ya Lotus, aliwekeana naye dau la dola 20,000: Kapor anasema hadi mwaka 2029 hakuna kompyuta itakayokuwa imewashawishi majaji katika mazungumzo kwamba ni binadamu, Kurzweil anasema itakuwepo. Fedha za mshindi zitakwenda kwa taasisi aliyoichagua. Katika kitabu chake cha mwaka 2024, The Singularity Is Nearer, Kurzweil hakuibadilisha tarehe.