Kwa Nini 1,004 na Si 1,000

Fundi wa simu za mezani nchini Marekani akitaka kujua kama waya wa mteja ni mzima, hana haja ya kuufukua. Huunganisha mita yake kwenye jozi ya nyaya za shaba nyumbani kwa mteja, kisha hupiga namba maalumu ya kituo cha simu. Hapokelewi na mtu. Husikia mlio mmoja tu, usiopanda wala kushuka. Mlio huo hutoka kituoni ukiwa na nguvu ya miliwati 1, na hiyo ndiyo sifuri ya kipimo. Mita ikisoma desibeli 3 chini ya sifuri, nusu ya nguvu imepotelea njiani. Ikisoma 10 chini, imebaki sehemu moja ya kumi.

Mlio wenyewe hutetema mara 1,004 kwa sekunde. Zamani ulikuwa 1,000, na hizo 4 zilizoongezwa zina kisa kinachostahili kuelezwa. Simu za kidijitali huikata sauti vipande 8,000 kila sekunde na kukipa kila kipande namba yake. Mlio wa 1,000 hugawanyika humo bila baki: kila mtetemo hukatwa mahali palepale 8, na namba zilezile 8 hurudiwa mfululizo. Mtambo haujaribiwi ipasavyo, na kosa dogo la kukadiria namba hizo hukaa ndani ya kipimo bila kufidiwa. Kwa 1,004, mahali pa kukata husogea kidogo kidogo, na mpangilio haujirudii mpaka vipande 2,000 vipite, yaani robo sekunde. Makosa hupata nafasi ya kufutana. Napenda sana uhandisi wa namna hii, ambao dawa yake ni badiliko dogo lililofikiriwa vizuri.

Hata hivyo, mlio mmoja hautoshi. Nyaya mbili zinazokwenda sambamba kwa kilomita nyingi huvujisha umeme wa sauti kati yao, na mitetemo ya kasi ndiyo huumia zaidi. Herufi s na f hutegemea mitetemo hiyo, hivyo “sumbua” na “fumbua” huanza kufanana. Kwa sababu hiyo fundi hupima pia kwa 404 na 2,804, karibu na mipaka ya sauti ya simu. Namba 2,600 huepukwa, kwa kuwa mitambo ya zamani ya masafa marefu iliichukulia kuwa ishara kwamba laini imeachwa wazi.

Tiba ya uvujaji ilitokana na hesabu za Mwingereza Oliver Heaviside za miaka ya 1880: kuweka koili kwenye laini ndefu, na Marekani koili hizo zilizoea kupangwa kila futi 6,000. Basi fundi akikuta 404 na 1,004 ziko sawa, lakini 2,804 imeanguka vibaya, huuliza kwanza kama kuna koili iliyoharibika, au iliyoondolewa na mtu bila kuandika popote.