Kufundisha Kofia ya Ukili kwa Wanaoanza

Mwanafunzi wa ualimu aendaye mazoezi kwa mara ya kwanza hupenda kazi ya mikono itakayopendeza ukutani siku ya ukaguzi, na wengi huchagua kofia. Uchaguzi huo si mbaya. Ukindu si haba katika sehemu nyingi za pwani yetu, na ni nadra kukosa darasani mtoto aliyekwisha kumwona bibi yake akisuka mkeka. Matatizo huanza pale mwalimu anapoitazama kofia na kumsahau mtoto.

Majani ya ukindu huanikwa juani mpaka yakauke na kuwa meupe, kisha huchanwa. Hapa tusiwe na haraka. Chane zisizolingana upana hutoa ukili unaokwenda upande, wala hakuna ustadi wa baadaye utakaounyosha. Chane za kupambia huchemshwa katika maji ya rangi. Mbili kati ya tano zikitiwa rangi, pambo hujitokeza lenyewe. Kabla ya kusuka zirowekwe kidogo, kwani chane kavu hukatika penye kukunjwa.

Anayeanza na asuke chane 5: 3 kushoto na 2 kulia. Kanuni ni moja tu, kwamba upande wenye chane 3 ndio unaotoa. Chane ya nje kabisa ya upande huo hupita juu ya jirani yake, chini ya ile inayofuata, ikahamia upande wa pili. Sasa upande wa pili ndio wenye 3, nao hutoa vivyo hivyo. Mtoto aliyeacha kazi jana hana haja ya kumwuliza mwalimu aendelee wapi, ahesabu tu. Chane inapokaribia kwisha, mpya hupachikwa juu yake, lakini mbili zisiungwe mahali pamoja.

Kushona ndiko kwenye somo lenyewe. Ukili huviringishwa kuanzia katikati na kingo zake kuunganishwa kwa shazia. Ukivutwa mno, sahani hukunjamana kuwa bakuli. Ukilegezwa mno, ukingo hufanya mawimbi. Makosa hayo mawili ndiyo yanayofundisha, maana ubavu wa kofia haupatikani ila kwa kuuvuta ukili kwa makusudi wakati wa kuteremka. Hesabu nayo imo humo humo. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 52 huhitaji sahani yenye kipenyo cha sentimita 16 na nusu hivi. Kwa ukili wa upana wa sentimita 2 na ubavu wa mizunguko 4, kofia nzima humaliza mita 3 na ushei. Watoto na wapime vichwa vyao wenyewe kwa uzi.

Tulipata kumkagua mwanafunzi wetu mmoja ambaye ukuta wake ulijaa kofia nzuri ajabu. Mishono yote ilikuwa ya mkono mmoja. Tulipomwomba msichana wa dawati la mbele atuonyeshe yake, alisimama, akazitazama zote, akarudi kuketi. Mwalimu alikuwa amezifumua na kuzishona upya usiku. Hatukumkaripia, kwani sisi walimu wa vyuo ndio tuliomzoesha kuogopa kofia yenye mawimbi; alama zake hata hivyo tulizipunguza, na jioni ile tulibishana sana kama tulitenda haki.

Kofia yenye mawimbi itundikwe. Mwenyewe aulizwe mawimbi yalianzia mzunguko wa ngapi, afumue mpaka hapo tu, kisha ashone tena. Jambo hili hula vipindi, na muda wa mazoezi ni mfupi. Anayeona hautatosha na aache kofia, afundishe ukanda wa kichwa: ukili wa rangi, sentimita 54 hivi, ncha zake mbili zikipandana sentimita 2 na kushonwa. Mtoto huumaliza mwenyewe, akaenda nao nyumbani kichwani.